Ruta gani inafaa nyumba ya ghorofa moja? Waifai yangu inaishia sebuleni

mkazi_goba

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu. Nina nyumba ya ghorofa moja huku Goba, chini sebule, jiko, chumba cha wageni na stoo, juu vyumba vitatu, alafu uani kuna banda anakaa mdogo wangu. Nimevuta faiba kifurushi cha Mbps 30. Siku wanafunga, mafundi walipima kwa simu pale pale sebuleni ikasoma 29, nikasaini wakaondoka. Sasa hiyo 29 ni ya kwenye kochi tu wakuu. Ukipanda ngazi inaanza kushuka, ukifika masta unaona kipande kimoja kinawaka kinazima, na wife kuna siku anafanya kazi nyumbani, akiingia kwenye kikao cha video sura zinaganda sauti inakatika katika mpaka anazima waifai anarudi kwenye bando. Uani ndio usiseme, dogo ananunua bando lake na kunilaumu juu.

Huduma kwa wateja wananiambia zima uwashe. Nimezima nimewasha mpaka swichi imelegea. Nikapita Kariakoo, jamaa wa duka akanitolea ruta ina antena nane akasema hii inatoboa kuta tano, bei inakaribia laki tano. Nikamwambia naenda kujipanga. Bajeti yangu ni laki tatu, ikizidi kidogo sio mbaya ila iwe na sababu. Ruta gani ninunue? Natanguliza shukrani.

Ngurumo

Chukua hiyo ya antena nane mkuu usijiulize mara mbili, kizuri gharama. Mimi ninayo ya antena sita waifai inasoma mpaka kwa mangi.

fundi_waya

> Ngurumo alisema: waifai inasoma mpaka kwa mangi

Linalofika kwa mangi ni jina la waifai. Umeshawahi kukaa pale kwa mangi ukafungua video ikacheza?

Ngurumo

Sijawahi ila inasoma 😂

fundi_waya

Basi tuanzie hapo hapo maana ndipo hela za watu zinapopotelea. Mleta uzi soma taratibu, nitaandika ndefu.

Waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta inaongea, simu inajibu. Hata ukinunua ruta yenye antena kumi, simu yako bado ina kiantena kimefichwa kwenye fremu na inabania betri, kwa hiyo simu inaisikia ruta vizuri ila ruta haiisikii simu. Ndio maana unaona vipande vimejaa na ukurasa haufunguki. Na nguvu ya kurusha ina ukomo wa kisheria, mfano Ulaya kwenye masafa ya waifai ya 2.4GHz ni miliwati 100, na ruta nyingi zinazouzwa dunia nzima zinatengenezwa zikizingatia mipaka ya namna hiyo hiyo, ziwe na antena mbili au nane. Sisemi antena nyingi hazina kazi. Zinasaidia kupeleka mikondo kadhaa ya data kwa mpigo, ila simu nyingi za mkononi zinapokea mikondo miwili tu, hizo nyingine sita kwa simu yako zinabaki kusaidia kidogo sana na kupendezesha boksi.

Tatizo lako mimi naliona lipo kwenye slabu. Zege lenye nondo zilizofumwa linakula mawimbi kuliko ukuta wa matofali mara nyingi, na kama ngazi yako nayo ni ya zege na ruta ipo upande wa pili wa hiyo ngazi basi ndio umemaliza. Ongeza friji, kioo kikubwa cha kabati, tangi la maji, geti la chuma kwenda uani. Hakuna ruta ya dukani inayotoboa hivyo vyote kwa heshima, na muuza duka anajua hilo, ila naye ana pango la kulipa.

Kabla hujanunua chochote nijibu haya. Kiboksi cha faiba kimekaa wapi hasa? Kwenye orodha ya waifai unaona jina moja au mawili, moja likiwa na 5G mwishoni? Alafu chukua laptopu, ichomeke kwa waya kwenye kiboksi, pima spidi. Ikitoa 30 kwa waya, kampuni imetimiza ahadi yake na vita vimebaki ndani ya nyumba yako. Isipotoa, usinunue ruta, sumbuana nao kwanza.

Mwisho, pakua programu ya kupima mawimbi kwenye Android, zipo nyingi za bure zinaitwa WiFi Analyzer, zunguka nyumba nzima andika namba ya dBm (nguvu ya mawimbi) kila chumba. Zinakuwa hasi, na inayokaribia sifuri ndio nzuri. -50 ni raha mustarehe, -67 bado kikao cha video kinaenda bila kero, ukifika -75 unaanza kuvumilia, -80 na kuendelea hapo unajitesa. Mwenye iPhone atumie AirPort Utility, awashe kipengele cha Wi-Fi Scanner kwenye setingi za simu.

mamaJunia

Nimekaa hapa na kiti changu, hii shida ni yangu pia.

Ngurumo

Fundi maneno mengi, mwambie anunue ripita (kile cha kudaka waifai na kuirusha tena) elfu arobaini aichomeke juu kazi imeisha. Mimi nimewafungia watu kibao.

mkazi_goba

Fundi majibu haya hapa. Kiboksi kipo ndani ya kabati la TV, kimefungiwa pamoja na king'amuzi na redio, nyuma ya TV ya inchi 55. Wife alitaka kisionekane. Jina la waifai ni moja tu, hakuna la 5G. Kwa waya laptopu imetoa 30 na kitu, kupakia 30 vile vile. Vipimo: kwenye kochi -46, jikoni -63, juu ya ngazi -70, chumba cha watoto -74, masta -82, uani mlangoni -88 ukiingia ndani inapotea.

fundi_waya

Safi sana, hivi ndivyo watu wanatakiwa kuleta matatizo. Kampuni yako haina kosa, faiba inaleta chote. Alafu una kiboksi cha 2.4GHz peke yake, kimefungiwa kwenye mbao, mbele yake kuna TV, na TV nyuma ina sahani ya chuma. Umekiweka jela mkuu.

Kazi ya kwanza ni ya bure au karibu na bure. Kitoe kabatini, kipandishe juu ukutani kiasi cha urefu wa mtu au zaidi, na kama inawezekana kisogee kwenye korido karibu na ngazi. Ule uzi mweupe mwembamba wa faiba unaoingia kwenye kiboksi usiukunje kona kali, ndani ni kioo, ukiukunja mwanga unavuja na spidi inakufa bila wewe kuelewa. Ukihitaji kusogeza mbali unanunua uzi mrefu zaidi ulio tayari na vichwa vyake. Angalia rangi ya kichwa, majumbani mara nyingi ni cha kijani, basi nunua kijani kwa kijani. Cha bluu kinaingia lakini kimechongwa tofauti, kile cha kijani uso wake umekatwa mshazari kidogo, ukivichanganya mwanga unapotea njiani. Na usichungulie ncha ya faiba kwa jicho, ule mwanga hauonekani ila upo. Kama huna uhakika waite waliofunga wahamishe wenyewe, kuna kampuni inatoza kidogo kuna nyingine inafanya bure.

Antena zikae wima kwa ajili ya watu wa ghorofa ile ile. Mawimbi ya ile antena ya fimbo yanatoka ubavuni, chukulia tairi limelazwa chini na antena imesimama katikati ya rimu, yanaenda kila upande wa tairi ila juu ya ncha yenyewe ni hafifu. Kwa hiyo ukiwa na antena mbili na unataka kufika juu, moja isimamishe, moja ilaze. Usitegemee miujiza, inaongeza kidogo tu.

Hapo tu unaweza kukuta chumba cha watoto kimepona. Masta sidhani.

Sasa Ngurumo na ripita yake. Ripita ndogo ya elfu arobaini inapokea na kurusha kwa redio moja, chaneli moja. Ikisikiliza haiongei, ikiongea haisikilizi, kwa hiyo spidi inagawanyika karibu nusu hapo hapo kabla hujahesabu kitu kingine. Alafu watu wanaichomeka pale pale penye shida. Masta ni -82, ukiichomeka masta inapokea takataka na kukurushia takataka kwa sauti kubwa, simu inaonyesha vipande vyote vimejaa na intaneti hakuna. Kama lazima uitumie basi iweke katikati ya njia, sehemu ambayo bado inasoma -65 hivi, kwako wewe ni chini ya ngazi, na hapo bado slabu iko juu yake.

Ngurumo

Wateja wangu hawajalalamika.

fundi_waya

Wanakupigia ukiwa bado hujabadilisha laini?

Ngurumo

😂😂 Fundi una roho mbaya wewe. Haya endelea.

fundi_waya

Naendelea. Dawa ya ghorofa ni waya. Unavuta waya mmoja wa mtandao kutoka kwenye kiboksi mpaka korido ya juu, unachomeka ruta ya pili pale juu, unaigeuza iwe akses pointi, yaani kazi yake iwe kurusha waifai tu. Basi. Ile ya juu haipiti kwenye slabu kwa mawimbi, imepewa intaneti mkononi kwa waya, inahudumia vyumba vitatu vilivyo mita chache kutoka hapo. Kwa mpango huu ruta ya kawaida kabisa inaipiga ile ya laki tano bila huruma.

Kwenye kuchagua sasa, hapa ndio swali lako lilipokuwa. Usisome antena, soma poti (matundu ya waya) na bendi (masafa ya waifai).

Bendi: iwe na mbili, 2.4 na 5GHz. Ile ya 2.4 inafika mbali ila ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na humo humo kuna majirani zako wote, bluetuthi, na maikrowevu yako ambayo inapasha chakula kwenye 2.45GHz hivyo wakati wa kupasha ubwabwa waifai inasuasua. 5GHz haipendi kuta lakini ina nafasi kubwa na spidi, na kwa sababu ruta itakuwa pale pale koridoni, kuta si tatizo tena.

Poti: hapa wanapigwa wengi. Ruta mbili zinaandikwa AC1200 zote, mfano Archer C50 na Archer C6 za TP-Link, ukiangalia boksi unasema ni ndugu. C50 poti zake ni za megabiti 100, C6 poti zake ni za gigabiti. Kwa Mbps 30 zako leo hutaona tofauti, ila mwakani ukipandisha kifurushi kikavuka 100 ile ya kwanza itaishia 94 hivi na utaanza tena kugombana na huduma kwa wateja. Na hiyo 1200 yenyewe wamejumlisha, 300 ya 2.4 na 867 ya 5GHz, wakazungusha juu. Hakuna simu itakayoona 1200. Ukipata nusu ya hiyo 867 umesimama karibu nayo umshukuru Mungu.

Waifai 6, kizazi kipya kuliko hizo za AC: ukikuta kwa bei inayokaribiana chukua, zile zilizoandikwa AX1500 au AX1800. Faida yake kubwa ni pale vifaa vikiwa vingi kwa wakati mmoja, na simu zako ziwe nazo zina waifai 6, simu ya zamani haitapata kipya hapo. Waifai 7 kwa kifurushi cha 30 ni kununua lori kubebea mkate... nimeacha, kila mtu na hela yake.

Hakikisha kwenye setingi kuna modi ya akses pointi, siku hizi nyingi zinayo. Na angalia adapta iwe ya volti 12, sababu nitaeleza mbele kama mtaniuliza.

mkazi_goba

Nakuelewa vizuri kabisa. Waya gani sasa? Nyumba ilishapigwa plasta na rangi, sina paipu ya ziada ukutani.

fundi_waya

Cat6 au hata Cat5e inatosha, zote zinabeba gigabiti mpaka mita 100, nyumba yako haifiki hata 30. Ila ununue shaba. Mjini kuna waya mwingi wa aluminiamu iliyopakwa shaba kwa nje, bei yake tamu, na muuzaji atakwambia ni shaba tupu. Muombe kipande, menya uzi mmoja, ukwangue kwa wembe au kisu. Ukiona weupe chini ya ule wekundu, ni aluminiamu. Unaweza kufanya kazi kwa umbali mfupi, lakini unakatika haraka kwenye kichwa na baada ya muda unaanza kutoa makosa ambayo hutayaona kwa macho.

Kupitisha: usiuweke kwenye paipu moja na nyaya za umeme. Toka dirishani au toboa tundu dogo karibu na dari, panda kwa nje ndani ya paipu ya plastiki, ingia korido ya juu. Ukiwa nje uwe umefunikwa, jua la hapa linakula ganda la waya wa ndani likawa unga. Fundi mwenye drili anamaliza asubuhi.

Vichwa: rangi zifuate mpangilio huu pande zote mbili, chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Watu wanakosea pale kijani inapoachana, wanaziweka pamoja kwa sababu ndio akili inavyotaka. Ukimaliza, angalia kwenye laptopu inasema imeunganishwa kwa 1000 au 100. Gigabiti inatumia nyuzi zote nane, ukipoteza moja tu inashuka kimya kimya mpaka 100 inayotumia nyuzi nne, na huenda hakuna taa itakayokwambia.

Setingi za ruta ya juu: weka modi ya akses pointi. Kama haina, ipe anwani isiyogongana na kiboksi cha chini, mfano chini ni 192.168.1.1 basi juu iwe 192.168.1.2, zima DHCP (kazi ya kugawa anwani, iachie ya chini), alafu waya uchomeke kwenye poti ya LAN usichomeke kwenye ile ya WAN ya kuingizia intaneti. Jina la waifai na nywila viwe sawasawa na vya chini ili simu ihame yenyewe ukipanda ngazi. Chaneli za 2.4 ziwe tofauti, chini 1, juu 6 au 11. Upana wa chaneli za 2.4 uwe 20MHz. Zima WPS (kuunganisha kwa kitufe au pini) kote na ubadilishe ile nywila ya kuingilia setingi, wanafunzi wa sekondari wa mtaani wanaijua admin admin kuliko wewe.

mamaJunia

Fundi na mie jamani. Nimepanga Sinza, fleti ya vyumba viwili, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa hata msumari wa picha. Waifai usiku kuanzia saa mbili inakuwa mbovu, asubuhi iko vizuri kabisa. Ruta ipo wazi mezani.

fundi_waya

Dada yako ni nyingine kabisa, asante kwa kutaja saa. Vyumba viwili havihitaji ruta mbili. Usiku majirani wote wamerudi, fungua ile programu ya kupima uangalie 2.4 kuna ruta ngapi, kwenye fleti za Sinza usishangae kukuta ishirini zimerundikana chaneli moja. Kama ruta yako ina 5GHz ipe jina lake tofauti, simu zote na TV zihamie huko, usahau 2.4 kabisa, waachie feni janja na taa. Chaneli anza na 36 mpaka 48. Kama haina 5GHz ndio sababu halali ya kununua ruta, moja tu ya bendi mbili, iweke katikati ya nyumba.

Ila pima kwanza kwa waya saa mbili hiyo hiyo usiku. Ikiwa kwa waya nako inashuka, msongamano uko kwa kampuni, wanagawia watu wengi njia nyembamba, na hapo hata ruta ya dhahabu haikusaidii. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilivyopata hitilafu nchi nzima ikakwama? Kuna watu siku zile walinunua ruta mpya. Nawafahamu.

mamaJunia

😂😂 Mie nilikuwa namlaumu mtoto anapakua magemu. Leo usiku napima.

msafiri_pwani

Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi mwalia na matofali, sisi huku Mji wa Kale nyumba ya marehemu babu kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, mlango wa mvule juu yake. Waifai ikitoka chumba hiki haiingii chumba kile, wallahi. Tulinunua meshi, vile vijumba vitatu vya waifai vinavyoshirikiana, fundi akatwambia hazitaki waya. Kweli hazikutaka waya, lakini chumba cha tatu kilikuwa kinapata Mbps 6 ilhali kwenye cha kwanza twapata 80. Mwishowe tukapitisha waya juu ya dari la boriti tukavichomeka vyote, sasa kila chumba ni 70 na kitu. Kwa hivyo meshi si mbaya ndugu zangu, ila zipewe waya kwa nyuma. Zina uzuri mmoja, ukitembea na simu yahama vyepesi kuliko ruta mbili za kuungaunga, na mama anaendesha zote kwa programu moja ya simu.

Jambo jingine, kuna jamaa yangu Kilifi ana Starlink, ile intaneti ya setilaiti (kwetu Kenya ilianza Julai 2023), ile ruta yake ya kizazi cha pili haikuwa na poti ya waya, ilibidi anunue kiunganishi cha pembeni. Ya kizazi cha tatu ina poti mbili. Mwenye kununua ya mkononi kwa mtu aangalie hilo kabla.

fundi_waya

Msafiri umenena. Hata za meshi mtu asome poti, mfano Deco E4 na Deco M4, zote AC1200, ya kwanza megabiti 100 ya pili gigabiti. Na zile za bendi mbili zinatumia redio ile ile kuongea zenyewe kwa zenyewe na kuhudumia simu, ndio maana Mbps 6. Za bendi tatu zina redio ya ziada ya kuongea zenyewe, ila bei yake mleta uzi atauza mbuzi.

dogo_Kahama

Wakuu na sisi tusio na faiba? Natumia ruta ya laini ya simu ya 4G, inawekwa wapi? Nimeiweka katikati ya nyumba kama mnavyosema naona imekuwa mbaya zaidi.

fundi_waya

Hiyo sheria yake ni kinyume. Ruta ya laini inatakiwa kwanza isikie mnara, kwa hiyo iende dirishani upande wa mnara, juu kadri inavyowezekana, mbali na bati. Ingia kwenye setingi utafute RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara), -80 au -85 nzuri sana, ikivuka -110 unahangaika bure. Zungusha ruta sentimita chache chache usubiri dakika uone namba. Ukishapata sehemu yake iache hapo hapo, alafu toa waya upeleke ruta nyingine katikati ya nyumba ikurushie waifai. Na kabla ya kununua uliza kama imefungwa kwa mtandao mmoja, nyingi za ofa zinafungwa.

mkazi_goba

MREJESHO wakuu.

Kiboksi kimehamia ukutani karibu na ngazi, waliofunga walikuja kuongeza uzi wa faiba wakachukua hela ya nauli tu. Hapo hapo juu ya ngazi ilitoka -70 ikaja -58, chumba cha watoto -64. Masta ikabaki -76, kama fundi alivyosema. Nikanunua C6 na waya wa shaba, duka la kwanza nilipotoa wembe nikwangue muuzaji akaniambia "mzee usiharibu mali", nikaelewa nikahamia duka la pili. Fundi wa drili alipitisha kwa nje. Mara ya kwanza laptopu ilisoma 100, tukakata kichwa cha juu tukakuta kahawia haijafika mwisho, tukapiga kingine ikasoma 1000.

Masta sasa ni -48 kwenye 5GHz na spidi ni ile ile 30 ya sebuleni. Hela yote pamoja na fundi haikufika bajeti. Kilichobaki ni uani, pale mlangoni imekuja -79, na simu yangu moja ya zamani ikipanda juu inang'ang'ania ruta ya chini.

fundi_waya

Kazi nzuri. Simu kung'ang'ania ni tabia ya simu, yenyewe ndio inaamua lini iachie. Punguza nguvu ya kurusha ya 2.4 kwenye kiboksi cha chini, iweke ya kati, itaachia mapema. Watu wanashangaa nikiwaambia wapunguze nguvu.

Uani usivute waya wa shaba kati ya majengo mawili bila kufikiria radi. Masika ikipiga karibu, ule waya unabeba mshtuko na kuunguza poti za pande zote mbili, nimetoa ruta nyingi zilizokufa hivyo, kwa nje nzima kabisa. Kama ni mita chache na majengo yanatumia umeme na ati (earth) moja, unaweza kuchimbia waya wa nje kwenye paipu na kuweka kizuizi cha mshtuko. Salama zaidi ni kipande cha faiba na vibadilishi viwili vya kugeuza faiba kuwa waya, au ruta ya masta isogee dirisha linalotazama uani, banda si mbali, dirisha la kioo halizuii kama slabu. Jaribu hilo la dirisha kwanza kwa sababu ni bure.

Ngurumo

Nakubali fundi. Ila swali, ulisema adapta ya volti 12 utaeleza. TANESCO wakikata hapa kwangu kila kitu kinazima, na faiba yenyewe najua huko nje bado ipo hai.

fundi_waya

Nilikuwa nasubiri mtu aulize. Kiboksi cha faiba na ruta nyingi za nyumbani ni volti 12, adapta inashusha tu umeme wa ukutani. Kuna UPS ndogo za betri zinatoa volti 12 moja kwa moja, unachomeka adapta kwenye UPS na UPS kwenye ruta, umeme ukikata ruta haijui hata kama kuna kitu kimetokea. Usitumie UPS ya kompyuta kwa kazi hii kama una njia nyingine, inapandisha betri kuwa 230 alafu adapta inashusha tena kuwa 12, nusu ya betri inaishia kwenye joto na mlio wa piii piii usiku.

Hesabu yake: zimeandikwa kwa mfano 8800mAh, hizo ni za betri ya volti 3.7, zidisha unapata wati-saa 32 na kitu. Kiboksi kinakula wati 6 hivi na ruta 6, jumla 12, toa zinazopotea njiani, unapata saa mbili na zaidi kidogo. Anayekuuzia kwa kusema siku nzima muulize anazidisha na nini. Kiboksi kikiwa peke yake inafika saa nne.

Soma adapta zako zote kabla hujanunua. Ikiandikwa 12V na 1A au 1.5A, UPS iweze kutoa hizo ampea au zaidi. Kuna ruta za volti 9, na UPS nyingi zina tundu la 9 na la 12 yamekaa jirani, yamefanana, ukichomeka ya 9 kwenye 12 unaagana nayo. Bandika plasta uandike kwa kalamu kabla ya giza. Alafu piga picha kichwa cha adapta yako utupie hapa Ngurumo, kuna vya tundu la milimita 2.1 na 2.5, cha 2.5 kinaingia kwenye ruta ya 2.1 ila kinalegea na ruta itakuwa inajizima ukidhani ni betri.